Kuchonga Vibuyu na Maboga: Chombo, Pambo, Taa na Hukumu Zake

Bismillahi Rrahmani Rrahim

SWALI

Assalaamu ‘alaykum masheikh wetu. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimeolewa Makanya, wilaya ya Same. Huku kwetu kilimo ni cha kubahatisha kwa sababu ya ukame, na tangu mume wangu afariki tunaishi kwa vibuyu. Mimi na mwanangu tunavilima, tunavikausha, tunavichonga nakshi na kuvitoboa viwe taa. Vingine tunawauzia wasafiri barabarani, vingine nawapelekea wenye maduka ya mapambo huko Unguja.

Sasa mwenye duka mmoja ameagiza taa 40 zenye sura ya mtu anayekenua meno, kwa ajili ya sherehe ya wageni mwisho wa mwezi wa kumi. Ametanguliza nusu ya pesa, nami nimezilipia ada ya chuo cha mwanangu. Taa tisa nimeshazichonga. Shemeji yangu alipoziona akasema kazi yote hii ni haramu tangu mwanzo, kwa kuwa kibuyu ni chombo cha waganga na walevi, na kwamba mwanangu amekulia chumo la haramu. Tangu siku hiyo silali. Nielezeni, na Allah Awalipe kheri.

JIBU

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wa ‘alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh. Tunamuomba Allah Amrehemu mumeo, na Akupe wewe na mwanao riziki pana yenye baraka. Swali lako tumeliona lina faida kwa wengi, kwani wapo vijana wetu wanaofanya kazi katika majiko ya hoteli na wazazi wenye watoto skuli ambao wamekuwa wakituuliza kuhusu maboga yanayochongwa sura kila ifikapo Oktoba. Kwa hiyo tumeona tulijibu kwa kirefu, ili liwe ni rejea kwa kila mwenye kuhitaji.

Kwa ufupi: kibuyu ni chombo tohara na halali, na kukichonga nakshi za majani, maua na michoro ni halali, na chumo lake ni halali. Lililo na tatizo katika kazi yako ni lile agizo la sura tu, nalo lina njia ya kutokea. Maelezo yake ni kama yafuatayo.

Kibuyu, mumunye na boga

Kwanza tujue tunazungumzia kitu gani, kwani hukumu ya kitu hufuata kukielewa.

Kibuyu ni tunda la mmumunye. Likiwa changa huitwa mumunye, nasi visiwani twalipika na kulila. Likiachwa likakomaa na kukauka, ganda lake huwa gumu kama ubao, nalo ndilo kibuyu. Mmea huu ni miongoni mwa mimea ya zamani kabisa iliyolimwa na wanadamu, na asili yake ni Afrika. Ganda lake huelea, na maelfu ya miaka kabla ya meli za Ulaya kufika Amerika mwaka 1492 watu wa huko walikuwa tayari wanavyo vibuyu. Wako pia watu wanaotumia ganda la buyu, yaani tunda la mbuyu, na hukumu yake ni hiyo hiyo.

Boga, lile tunalolipika kwa nazi na kulifuturia Ramadhani, ni mmea mwengine wa ukoo huo. Asili yake ni Amerika, na lilienea Afrika na Asia baada ya mwaka huo wa 1492. Boga lina nyama nyingi na ganda lake huoza. Kwa hiyo aliyechonga boga amechonga chakula, na pambo lake ni la siku chache. Aliyechonga kibuyu amechonga chombo, na akikitunza kitarithiwa na wajukuu. Tofauti hii tutaihitaji huko mbele.

Kibuyu katika Qur'an na Sunna

Wengi hawajui kwamba mmea huu umetajwa kwa heshima. Katika Suuratu Swaaffaat (37:139-148) Allah Mtukufu Ametuhadithia kisa cha Nabii Yunus (‘alayhi ssalaam), alipotupwa ufukweni akiwa mgonjwa baada ya kutoka tumboni mwa samaki, na Allah Akamuoteshea mmea wa yaqtin. Wafasiri wengi wa Qur'an, akiwemo Ibn ‘Abbas (r.a.), wameufasiri kuwa ni mmea wa ukoo huu wa mumunye. Majani yake ni mapana, hutambaa haraka na hutoa kivuli kizuri.

Na katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kwamba fundi cherehani mmoja alimualika Mtume (s.a.w.) chakulani, akamuwekea mkate wa shayiri na mchuzi wenye dubbaa na nyama kavu. Anas akamuona Mtume (s.a.w.) akizifuata zile dubbaa pande zote za sahani, na tangu siku hiyo naye akawa anaipenda dubbaa. Watu hutafsiri dubbaa kuwa ni boga. Lakini kama tulivyoeleza, boga letu la leo lilikuwa bado halijatoka Amerika zama hizo. Dubbaa ya Madina ilikuwa ni mumunye, mmea ule ule unaotambaa kwenye uzio wako hapo Makanya.

Je, kibuyu ni chombo cha walevi?

Shemeji yako hakuzungumza bila ya asili yoyote. Ipo hadithi sahihi kwamba ulipokuja ujumbe wa kabila la ‘Abdul-Qays, Mtume (s.a.w.) aliwakataza kutengenezea vinywaji katika vyombo vinne: dubbaa, yaani kibuyu kilichokombwa, hantam, yaani mtungi wa udongo uliopakwa rangi ya kung'ara, naqiir, yaani shina la mtende lililochimbwa, na muzaffat, yaani chombo kilichopakwa lami. Ameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn ‘Abbas (r.a.).

Wanazuoni wameeleza sababu yake. Waarabu walikuwa wakiroweka tende au zabibu katika maji ili yawe matamu, na katika vyombo hivyo kinywaji huchachuka haraka bila ya mtu kutambua, akaja kunywa kileo akidhani ni juisi. Wakati huo pombe ilikuwa ndiyo kwanza imeharamishwa na nafsi bado zimeizoea. Hukumu ilipothibiti, Mtume (s.a.w.) aliwaruhusu kunywa kutoka katika vyombo vyote maadamu hawanywi kinacholevya, kama ilivyo katika Sahihi Muslim kutoka kwa Burayda (r.a.). Kwa hiyo kwa mujibu wa wanazuoni walio wengi, katazo la vyombo limefutwa na katazo la kileo limebaki.

Na hiyo ndiyo kauli ya madhehebu ya Imamu Shafi‘i ambayo wengi wetu tunayafuata. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameweka kanuni katika Minhaj, kitabu tulichokisomea vyuoni, kwamba kila chombo tohara kinajuzu kutumiwa isipokuwa cha dhahabu na cha fedha. Kibuyu ni mmea, na mmea ni tohara.

Linabaki suala la kibuyu cha zamani. Twafahamu kwamba katika milima ya Upare hutengenezwa dengelua, pombe ya miwa, na vibuyu vimekuwa vikitumika kuihifadhia na kuinywea. Ukinunua au kurithi kibuyu cha namna hiyo, kioshe vizuri kwa maji mpaka itoke ladha, rangi na harufu. Rangi peke yake ikiganda au harufu peke yake ikibaki, nawe umejitahidi kuiondoa, basi hilo limesamehewa. Kisha kitumie bila ya wasiwasi. Ama kuwachongea watu vibuyu ukijua kwa yakini kwamba ni vya kunywea pombe, hilo usilifanye, kwani Allah Ametukataza kusaidiana katika dhambi (Al-Maaida 5:2).

Je, ni chombo cha waganga?

Hili nalo lina ukweli wake na lina mpaka wake. Waganga wa kienyeji hutumia tunguri, yaani vibuyu vidogo vya kuwekea dawa zao, na msemo wa kupiga tunguri tunao hata visiwani. Katika nchi za kaskazini mashariki mwa Tanzania Bara, kuanzia Uzigua mpaka Usambaa na Upare, baadhi ya tunguri za zamani zilikuwa na kizibo cha mti kilichochongwa kichwa cha mtu. Vitu hivyo leo vimo katika makumbusho ya Ulaya, na wapo wafanyabiashara wanaovitafuta ili wawauzie watalii.

Tunasema: ushirikina haumo katika ganda la kibuyu. Umo katika itikadi ya mtu na matendo yake. Kisu hutumika kuchinjia kafara za mashetani, na hatukusema visu ni haramu. Kinachoharamika ni kutengeneza tunguri kwa ajili ya mganga, au kuchonga kitu na kudai kwamba kinakinga nyumba, kinaleta wateja au kinarudisha mume. Vile vile haijuzu kuuza tunguri za kiganga zenye vichwa hivyo, hata zikiitwa mapambo ya kale, kwani Mtume (s.a.w.) ameharamisha kuuza masanamu pamoja na pombe, nyamafu na nguruwe, kama ilivyo katika hadithi ya Jabir (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Kwa hiyo mama anayekausha vibuyu vya maziwa, vya maji, vya mbegu na vya taa hana uhusiano wowote na hayo.

Kazi yenyewe inavyokwenda

Tumeiuliza kazi hii kwa wanaoijua, kwa sababu mufti asiyejua kazi ya mtu humkosea.

Kibuyu huachwa shambani mpaka kikonyo chake kikauke, kisha hukatwa pamoja na kikonyo na kuwekwa kivulini penye upepo kwa wiki nyingi, pengine miezi. Hushika ukungu kwa nje, na hilo si kuharibika. Kikitikiswa na mbegu zikalia ndani, kimekauka. Hapo hulowekwa, hukwaruzwa ngozi ya juu, hukatwa mdomo, na uboho na mbegu hukombwa. Cha kuwekea kinywaji hujazwa maji na kumwagwa kwa siku kadhaa mpaka uchungu uishe. Uchungu wenyewe usipuuzwe, kwani baadhi ya vibuyu na mamumunye machungu yana sumu inayoumiza tumbo.

Nakshi huchorwa kwa penseli, kisha huchongwa kwa ncha ya kisu au huunguzwa kwa waya uliotiwa moto mpaka ukawa mwekundu. Matundu ya taa hutobolewa kwa keekee au mashine. Kisha hupigwa msasa na kupakwa mafuta. Kikipata ufa hakitupwi, bali hushonwa kwa uzi, na hivi ndivyo wazee wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki walivyofanya.

Mambo mawili ya usalama ni ya kisharia pia, kwani mwili ni amana. La kwanza ni vumbi la ndani ya kibuyu, ambalo huumiza kifua. Ukombe kikiwa kimelowa, na wewe na mwanao mjifunge kitambaa puani na mdomoni. La pili ni moto. Kibuyu kikavu huwaka kama kuni, basi taa yake isiwekwe mshumaa wala kibatari. Iwekwe balbu ndogo isiyotoa joto, na mnunuzi aambiwe hivyo. Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha watu wazime taa wanapolala, akitaja kwamba panya huweza kuvuta utambi akawaunguzia watu nyumba. Kunyamaza ukijua hatari ya unachokiuza ni katika udanganyifu.

Nakshi inayojuzu na isiyojuzu

Katika Sahihi Bukhari na Muslim kuna kisa ambacho kinafanana mno na chako. Mtu mmoja alimjia Ibn ‘Abbas (r.a.) akamwambia kwamba maisha yake yanategemea kazi ya mikono yake, nayo ni kutengeneza picha. Ibn ‘Abbas akamsimulia aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.) kuhusu adhabu ya wenye kutengeneza sura. Yule mtu akababaika na uso ukamgeuka rangi. Ibn ‘Abbas hakumuacha katika hali ile. Alimwelekeza kwamba ikiwa hana budi kuifanya kazi hiyo, basi atengeneze miti na kila kisichokuwa na roho.

Tazama hekima ya Sahaba huyu. Alimkataza lililo haramu na papo hapo akambakishia riziki yake. Na hapa ndipo inapotoka kanuni ya fundi Muislamu: miti, majani, maua, mawimbi, nyota, majengo na michoro ya hesabu, yote hayo yanajuzu bila ya karaha.

Ama sanamu kamili la kiumbe mwenye roho, mtu au mnyama, lenye kiwiliwili na kivuli, kulitengeneza kwa ajili ya pambo ni haramu. Wanazuoni wengi wamevua vitu vya kuchezea watoto, kwa dalili ya Bi ‘Aisha (r.a.) aliyekuwa na vitoto vya bandia na farasi mwenye mbawa, na Mtume (s.a.w.) akaviona na hakumkataza.

Kichwa peke yake bila ya mwili kina mjadala. Wapo wanazuoni waliosema kwamba kiumbe hawezi kuishi kwa kichwa tu, kwa hiyo hiyo si sura kamili. Wapo waliosema kwamba sura hasa ni uso, na maadamu uso upo basi sura ipo. Sisi tunaona lililo salama kwa dini ya mtu ni kuuacha uso, khaswa katika kitu cha kutundikwa na kutukuzwa ndani ya nyumba.

Wala asidhani mtu kwamba fundi akiacha nyuso atakosa la kuchonga. Kaskazini mwa Nigeria, Wahausa na Wafulani, ambao wengi wao ni Waislamu, wana mashuhuri ya vibuyu vilivyojaa michoro ya pembe na duara. Uturuki kuna mafundi wanaotoboa vibuyu matundu madogo mamia kwa mamia, taa ikiwashwa ukuta mzima hujaa nyota. Na wewe, mtoto wa Unguja, unayo hazina nyumbani: mnyororo, waridi na mtende wa milango ya Mji Mkongwe, korosho za kanga, na vitobo vya kofia za mkono ambazo mama zetu huzishona kwa miezi. Kofia ile ni matundu yaliyopangwa kwa hesabu, na taa ya kibuyu ni hivyo hivyo.

Tunaongeza tahadhari moja. Wapo wanaoomba wachongewe Ayatul-Kursiy au majina ya Allah juu ya taa. Imamu Nawawi ametaja katika Tibyan kwamba madhehebu yetu yanachukia kunakishi kuta na nguo kwa Qur'an na majina ya Allah. Taa inaweza kuanguka, kukanyagwa, kutupwa jaani au kutundikwa mahali pasipostahiki. Basi usiandike Qur'an kwenye bidhaa usiyojua itaishia wapi.

Maboga yenye sura na siku ya 31 Oktoba

Sherehe ya Halloween hufanywa usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa siku ya Wakristo ya watakatifu wote, tarehe 1 Novemba. Ndani yake mna mabaki ya sikukuu ya kale ya watu wa Ireland na jirani zao, waliokuwa wakiamini kwamba usiku huo mizimu hutembea. Waireland walikuwa wakichonga nyuso za kutisha katika mizizi mikubwa ya jamii ya figili na kuweka moto ndani. Walipohamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19, walikuta boga, ambalo ni kubwa na rahisi kukombwa, wakaliwekea sura ile ile. Kutoka huko likaenea duniani kupitia filamu, maduka na hoteli.

Kwa hiyo sura ile inayokenua si pambo tu. Ni alama ya sikukuu yenye asili katika itikadi ya mizimu. Muislamu hashiriki sikukuu za kidini za wengine wala hazitengenezei alama zake, kwa mujibu wa katazo la kujifananisha lililopokewa na Abu Daud na Ahmad. Pamoja na hayo hatuwatukani wageni wetu wala hatuwafanyii ubaya. Tunawauzia chakula, tunawapokea kwa wema, na tunawaachia yao.

Kwa kijana wa jikoni hotelini: ukipangiwa kuchonga matikiti na maboga, chonga maua na majani, na mwambie mkuu wako kwa adabu kwamba dini yako haikuruhusu kuchonga sura. Katika tunayoyasikia kwenu, wengi waliosema mapema na kwa upole walibadilishiwa kazi. Na nyama ya boga isitupwe. Ikatwe, ipikwe, iliwe. Allah Ameturuhusu kula na kunywa na Ametukataza israfu katika aya moja (Al-A‘raaf 7:31), na kuvunja maboga kumi ili yapigwe picha kisha yatupwe ni israfu hata kama yamechongwa maua.

Kwa wazazi: mtoto akiletwa barua ya skuli kuhusu siku hiyo, muandikieni mwalimu kwa heshima kwamba hatoshiriki, na mumueleze mtoto sababu. Mtoto aliyekatazwa bila ya kuelezwa hubaki na hamu. Mpeni kibuyu au boga achonge nyota na mwezi, siku nyengine yoyote, kisha mlipike pamoja hilo boga.

Agizo la taa 40

Sasa turudi kwako, dada yetu.

Taa 31 zilizobaki usizichonge kwa sura ile, kwani zimekusanya mambo mawili: uso na alama ya sikukuu. Zile tisa ulizokwisha kuchonga usizivunje, kwani kupoteza mali nako kumekatazwa. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Jibril (‘alayhi ssalaam) alimwambia Mtume (s.a.w.) aamrishe sanamu lililokuwapo mlangoni likatwe kichwa ili liwe kama umbo la mti. Kumbe inatosha kukiondoa kile kilichoifanya kuwa sura. Basi tanua matundu ya macho yawe maua, mdomo uufanye jani au mwezi mwandamo, na uzungushe vitobo pembeni mpaka asiyejua asione uso. Fundi anayetoboa kofia ya kibuyu hashindwi na hilo.

Kisha mpigie simu mwenye duka, leo kabla ya kesho. Mueleze ukweli, na mpe hiari: azipokee taa 40 zenye nakshi kwa bei ile ile, au arudishiwe pesa zake. Mapatano ya kutengeneza kisichojuzu hayamfungi Muislamu, lakini pesa za mtu hazigeuki kuwa zako kwa sababu hiyo. Akikubali nakshi, alhamdulillah, na ile uliyolipia ada ni yako. Akikataa, pesa zile ni deni juu yako, muombe muda na uliandike deni hilo mbele ya mashahidi. Na ikiwa huna cha kulipia, wewe ni katika wenye madeni ambao Allah Amewataja miongoni mwa wanaostahiki Zaka (At-Tawba 9:60). Usione haya kuwaeleza hali yako imamu na wazee wa msikiti wa hapo Makanya.

Yaliyopita, ikiwa uliwahi kuuza taa zenye nyuso bila ya kujua hukumu, Allah ni Mwingi wa maghfira. Omba msamaha, acha, na usiteseke kwa hesabu za nyuma. Na vibuyu vya nakshi na vya maziwa ulivyouza miaka yote hiyo ni chumo safi. Mwanao hakukulia haramu. Alikulia jasho la mama yake, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba hakuna chakula bora kuliko anachokula mtu kwa kazi ya mikono yake.

Neno kwa shemeji na kwetu sote

Hatudhani kwamba shemeji yako alikusudia shari. Wivu wa dini ni jambo jema, na alipoona nyuso zile alikuwa na haki ya kushtuka. Alikosea pale alipoijumlisha kazi yote na kuiita haramu. Katika Suuratu Nnahl (16:116) Allah Ametukataza ndimi zetu kusema hili halali na hili haramu kwa kumzulia Yeye. Kuhalalisha haramu ni dhambi, na kuharamisha halali ni dhambi kama hiyo, na juu yake mjane hukosa usingizi.

Na ipo haki nyengine ambayo twaitaja kwa upole. Mtoto huyo ni mtoto wa nduguye. Mwenye kumwambia mjane wa nduguye kwamba riziki yake haifai, na atangulie kumuuliza ada ya mtoto imelipwa na nani. Ibn ‘Abbas alipomzuilia yule fundi jambo, alimuonesha jengine la kufanya. Huo ndio mwendo wa wenye elimu, nasi sote tunahitaji kuufuata, majumbani, misikitini na katika kurasa kama hizi.

Kwa mwenye duka, popote alipo Unguja: ukiagiza bidhaa kwa mafundi wa Bara au wa visiwani, usiwatie katika jambo la dini kwa sababu una pesa na wao wana shida. Agiza nakshi zetu. Mgeni aliyekuja Zanzibar anaweza kulinunua boga la sura nchini kwake, lakini taa yenye mnyororo wa mlango wa Mji Mkongwe hataipata huko.

Tunamuomba Allah Aikunjue riziki ya dada yetu, Amuongoze mwanawe katika masomo yake, na Azipatanishe nyoyo za jamaa hao. Swalini pamoja, mzungumze, kisha mkae barazani mchonge hizo taa tisa upya. Shemeji naye apewe msasa asaidie.

Wallahu A‘lam. Na Allah Ndiye Mjuzi zaidi.